Gari Lililoharibikia Mlangoni kwa Baba

Baba yangu anaitwa Diedrich Banman. Ni fundi magari, na katika vijiji vyetu vya Wamenno hapa Chihuahua hakuna anayebisha kwamba ndiye fundi. Wanachobishania ni kama wanaruhusiwa kumpa kazi. Alitengwa na kanisa mwaka nilioolewa. Jirani alichimba kisima kirefu, chetu kikakauka, na Baba akaenda kushtaki serikalini. Kwetu ndugu hampeleki ndugu kwa hakimu. Wazee wa kanisa walimtaka asimame aseme neno moja tu: nimekosa.

Akawajibu, "Nitalisema maji yakirudi."

Maji hayajarudi. Tangu hapo, aliyebatizwa hali naye meza moja. Hapokei kitu mkononi mwake wala hampi mkononi. Huweka kitu mahali, ndipo mwenzake akichukue. Mama mwenyewe humwekea sahani kwenye meza ndogo karibu na jiko, halafu hurudi meza kubwa. Nimemwona akimkatia mkate vipande vyembamba kama Baba anavyovipenda, kisha akaviweka na kuondoa mkono haraka, kama aliyegusa sufuria ya moto.

Mwezi wa tano gari letu likaanza kulia nyuma. Ni lile kubwa la viti tisa tunalokwenda nalo Kanada kila mwaka kupalilia nyanya. Msafara wa magari ya kwenda huko ulikuwa uondoke kesho yake, na safari hii hatukuwa na nia ya kurudi, kwa sababu Isbrand, mume wangu, alikuwa amepata kazi ya kudumu kule, ya kukamua ng'ombe. Kifua cha Baba kilikuwa kimeanza kumsumbua. Mimi nilitaka jambo moja tu, tule naye meza moja kabla sijaondoka.

Mafundi wengine walikataa kazi ya haraka namna ile. Basi Isbrand akafanya kama wanavyofanya wote. Akaliendesha polepole mpaka mbele ya banda la Baba, akalizima, akatangaza kwamba limeharibikia pale, maana gari likifa lenyewe mlangoni pake, hakuna aliyempa kazi. Jirani yetu Kornelius alikuwa akipita na trekta.

"Isbrand, gari lako lina akili! Limejichagulia pa kufia."

"Nenda zako, Kornelius."

Baba aliingia chini ya gari, akafungua kifuniko cha difu, lile bonge la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, akamulika kwa tochi. Akachomoza kichwa.

"Nani kachomelea gia humu ndani?"

"Mimi, Baba. Kwa ajili ya mchanga wa shambani. Magurudumu yote mawili yavute pamoja."

"Na kwenye lami?"

"Kwenye kona linasumbua kidogo."

"Kidogo! Mkikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Wewe umeyafunga miguu kwa kamba moja. Meno yote yamelika. Na hizi springi zimelala kabisa. Huwa mnapakia nini humu, kanisa zima?"

"Jibini, vitanda, na mama yangu."

"Basi ni mama yako," alisema Baba, na wote wawili wakacheka. Nami nikacheka, nimekaa kizingitini namnyonyesha mwanangu Greta. Nilijiambia labda leo itawezekana.

Nyuma ya banda kulikuwa na gari bovu la aina ileile. Walitoa difu yake nzima wakaifunga kwenye letu. Katikati yao waliweka ndoo iliyopinduliwa. Baba akitaka spana, Isbrand aliiweka juu ya ndoo. Baba akiirudisha, aliiweka palepale. Walikwenda haraka hivyo, kama watu waliozoea.

Zikabaki springi. Ya kulia iligoma kukaa. Baba alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja ameuingiza kuielekeza, na jeki chini ya ekseli ikaanza kuinama.

"Nondo! Nipe nondo!" Akanyoosha mkono wa pili bila kugeuka.

Nondo ilikuwa mkononi mwa Isbrand. Mkono wa Baba ulikuwa pale pale karibu yake. Lakini Isbrand aliinama, akaiweka juu ya ndoo.

Baba asingeweza kuifikia ndoo. Niliona vidole vyake vikifumba na kufumbua hewani. Kisha jeki ikateleza, springi ikaruka, ikaubana ule mkono mwingine kwenye chuma.

Hakupiga kelele. Isbrand alipoinua gari na kumtoa, alisema tu, "Juu ya ndoo, Isbrand?"

"Baba, sikufikiri."

"Ndiyo. Hukufikiri."

Vidole viwili vilikuwa vimepondeka. Nilivua kilemba changu nikamfunga. Tulimsihi aende kwa daktari, akakataa mpaka gari liishe. Alikaa juu ya tairi, akimwelekeza Isbrand kwa mdomo, bolti moja baada ya nyingine, bila hasira. Mchana gari likasimama sawasawa, mgongo umenyooka, nasi tukaingia ndani kula.

Mama alimwekea Baba supu ya kuku na tambi kwenye meza yake ndogo. Alishika kijiko kwa mkono wa kushoto, kikawa kinamwagika. Nikachukua sahani yangu, nikaenda nikakaa naye. Mama aliacha kutafuna. Isbrand akainamisha kichwa.

"Rudi kule, Aganetha," Baba alisema kwa sauti ya chini.

"Kesho naondoka, Baba."

"Najua. Na kanisa la kule ni hilihili. Wakikutenga, ukiugua ugenini na mtoto mchanga, nani ataingia nyumbani kwako?"

"Ni mara moja tu."

"Hata mimi ilikuwa mara moja tu."

Nilichota kijiko changu cha kwanza. Kabla hakijafika mdomoni, Baba alinyanyua bakuli lake kwa mkono wa kushoto, akasukuma mlango kwa bega, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona ameliweka juu ya boneti ya gari letu, anakula amesimama, ametugeuzia mgongo.

"Kula, mwanangu," Mama alisema. "Inapoa."