Nyuma ya Karatasi ya Nukta

Shuleni walimwita Mama Mizani, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Miaka ishirini na sita alifundisha insha, na miaka yote hiyo kazi ilianza namna moja: chukua karatasi, ikunje katikati, bonyeza mkunjo kwa ukucha. Kushoto hoja za kukubali, kulia hoja za kupinga, na mistari ihesabiwe. Ukiandika saba huku na tano kule, unarudishiwa karatasi yako bila kusomwa. Hitimisho, yaani uamuzi wa mwandishi mwenyewe, liliandikwa nyuma ya karatasi, peke yake, mistari ikivuka mkunjo kutoka ukingo hadi ukingo.

Ugonjwa huo alikwenda nao hadi nyumbani. Mumewe alizoea kusema kwamba ukimuuliza mkewe kama mvua itanyesha, atakupa hoja mbili za kubeba mwavuli na mbili za kuuacha. Alipomposa alisubiri jibu miezi minne. "Na mpaka leo sijaliona hitimisho," aliwaambia wageni, na Mama Mizani alicheka pamoja nao. Hakuwa mwoga. Aliona tu kwamba upande wa pili nao una wenyewe, na hakutaka kuwadhulumu.

Muhula ule aliwapa darasa la sita swali kutoka kwenye daftari lake la zamani: Je, ni vema mtoto mwenye kipaji cha ajabu kupandishwa madarasa haraka? Alikuwa amelitumia mara kadhaa bila tatizo. Chaki ilipofika kwenye alama ya kuuliza ndipo alipokumbuka nani amekaa dawati la mbele, lakini darasa zima lilikuwa limeshakunja karatasi.

Mbele pale alikaa binti wa fundi cherehani, mwenye miaka tisa, katikati ya watoto wa miaka kumi na mmoja. Wenzake walimwita Nukta. Alianza kusoma kabla hajajua kufunga viatu, na hesabu za kuzidisha alizifanya kichwani huku akitazama nje. Alisharuka madarasa mawili. Wageni wakija shuleni, aliitwa ofisini kuzidisha namba kubwakubwa, wageni wakapiga makofi, kisha akarudishwa darasani kama kengele inavyorudishwa kabatini. Sasa mwalimu mkuu alitaka aruke tena, Jumatatu aingie darasa la saba. Fomu ilikuwa mezani kwa Mama Mizani, ikisubiri maoni ya mwalimu wa darasa ifikapo Ijumaa. Alikuwa ameandika "Kwa upande mmoja," akaishia hapo, kalamu ikamkaukia mkononi.

Alisahihisha insha Jumatano mchana, chumba cha walimu kikiwa kitupu. Mmoja aliandika kwamba mtoto mwenye kipaji hupata shida sana, kwa sababu hana mtu wa kunakili majibu kutoka kwake. Mwingine alihitimisha hivi: "Kwa hiyo mtoto huyo apandishwe, na pia asipandishwe." Mama Mizani alicheka, kisha kicheko kikamwishia. Huyo alifundishwa na nani?

Karatasi ya Nukta ilikuwa ya mwisho. Mistari tisa kushoto, tisa kulia, hati safi. Kushoto: "Kwanza, baba wa mtoto huyo huimba akishona siku ya ripoti." Kulia: "Kwanza, wenzake wakiruka kamba, yeye hupewa kazi ya kuizungusha tu. Pili, wakishamzoea, anahamishwa." Mama Mizani aligeuza karatasi. Nyuma kulikuwa kweupe. Akampa kumi na nne kati ya ishirini na kuandika kwa wino mwekundu, "Hitimisho liko wapi?" Mkono ulifanya hivyo kwa mazoea, kabla moyo haujafika.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, alimwita.

"Ulisahau nyuma ya karatasi, mwanangu?"

"Sikusahau, mwalimu."

"Ila?"

Nukta alitazama viatu vyake. "Mimi huwa naulizwa majibu ya hesabu. Hilo la kupanda darasa sijawahi kuulizwa. Nilijua hitimisho wataandika wakubwa."

Hakusema kwa kiburi wala kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetaja siku ya leo. Mama Mizani aliona aibu, na aliona vilevile kwamba yeye, mkubwa aliyekuwa akisubiriwa, alikuwa na fomu yenye maneno matatu.

"Kaa kwenye kiti changu," alisema. "Andika. Mimi natazama dirishani."

Mtoto alitumia mapumziko yote.

Ijumaa fundi cherehani alifika na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni, kwa haraka aliyotoka nayo. Alikaa ukingoni mwa kiti cha ofisi.

"Ni saini tu, tumalize," alisema mwalimu mkuu.

"Mimi shule niliiachia darasa la nne, mwalimu," alisema fundi. "Mtoto akipewa mbio namna hii, nani amshike miguu?"

Mama Mizani alitoa karatasi ya Nukta. Alimpa fundi, upande wa nyuma ukiwa juu. Fundi alisoma polepole, kidole kikifuata mstari:

"Kwa maoni yangu mtoto huyo abaki. Amepata rafiki mwezi uliopita na wameahidiana kukaa dawati moja. Akili yake haitaisha kwa kusubiri."

Mwalimu mkuu alikohoa. "Haya, mwalimu, nawe tupe zako. Upande mmoja, upande mwingine."

"Leo ninao mmoja," alisema Mama Mizani. "Asipandishwe." Akaichukua fomu, akakata yale maneno matatu, akaandika neno hilo moja, akatia saini.

Fundi alikuwa bado ameishika karatasi. "Mbona mimi hakuniambia?"

"Geuza. Soma la kwanza kushoto."

Aligeuza. Alisoma, akarudia, akaishusha karatasi magotini.

"Kumbe huwa naimba?"

"Aliyekusikia ni yeye, baba."

Aliinuka, akaikunja karatasi kwenye mkunjo wake, akaomba aondoke nayo. Mama Mizani alimfuata kwa macho kupitia dirishani. Uwanjani watoto walikuwa wakiruka kamba, na Nukta alikuwa ameshika ncha yake kama kawaida, akizungusha. Baba yake alimwita pembeni, akachuchumaa mbele yake, akasema maneno machache. Mtoto alimtazama muda mrefu, akitafuta kitu usoni mwake. Kisha akamkumbatia shingo na futi yake, akakimbia kurudi kwa wenzake.

Fundi alibaki amesimama, akijifuta macho kwa ncha ya futi. Halafu akaelekea getini, na alipolipita dirisha la ofisi Mama Mizani alimsikia. Haikuwa siku ya ripoti, na kwa kweli kuimba hajui, lakini alikuwa akiimba kwa sauti kubwa, ya kufika uwanjani.