Karani Niliyemshuku Kwenye Sinema

Leo nimemshuku mtu wa kwetu kwa mauaji, na hakuwa na kosa lolote.

Ilikuwa sinema tu. Wametuonyesha mchana, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Kaplong. Ni hadithi ya miaka ya thelathini. Nyapara wa shamba la chai anapatikana amekufa nyuma ya kiwanda, na kambi nzima inamgeukia karani aliyetoka upande wa ziwa, walikotoka wazazi wangu.

Nilikaa na Mama Chebet, jirani yangu wa miaka mingi.

Katikati akaninong'oneza, "Ni huyo karani. Hawa watu wa ziwa..."

Alikuwa amekumbuka amekaa na nani.

Basi tukatazama mbele, kila mtu na yake.

Kumbe muuaji ni ndugu wa nyapara mwenyewe, kwa sababu ya shamba la baba yao. Lakini karani alikuwa ameshafukuzwa kazi, anarudi kwao kwa miguu na sanduku kichwani.

Tulipotoka, Mama Chebet akanishika mkono. "Baba Achieng, unisamehe. Ilinitoka tu."

Ningenyamaza, ningeonekana mtu mzuri.

Nikamwambia, "Hata mimi nilidhani ni yeye. Tangu alipoingia."

"Wewe? Na ni mtu wenu?"

Nimezaliwa hapa kwenye mashamba ya chai. Nimeangaliwa hivyo tangu utotoni. Sikujua na mimi nimejifunza kuangalia hivyo.

Mliokuwa ukumbini, nyinyi mlimshuku nani? Semeni ukweli, mimi nimeshasema wangu.