Bibi Hakuondoka kwa Hiari

Wanaopaswa kuwajibika kwa kuondolewa kwa bibi yangu kijijini kwetu Mbuba, wakati wa vita vya Kagera, ni wawili. Wa kwanza ni aliyekuwa katibu wa kijiji. Wa pili ni mimi. Natanguliza hayo, msomaji mwenzangu, kwa sababu mwezi uliopita, katika ofisi ya kijiji, nilifunguliwa daftari la zamani la wageni nikakuta limeandikwa kwamba bibi "aliondoka kwa hiari". Nimeitumikia serikali hadi kustaafu. Najua jinsi uongo ulioandikwa kwa mwandiko mzuri unavyoaminiwa.

Tulikuwa tumehamishiwa katika kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa kwa mistari, migomba yetu ya zamani tumeiacha mbali. Baba, aliyekuwa mgambo, alikwenda vitani. Redio ya jirani ilipoanza taarifa ya habari, wanawake waliacha kutwanga. Katika hofu hiyo mama alijifungua, kisha akanyamaza. Hakulia, hakula, wala hakumtazama mtoto. Aliutazama mlango tu. Nilikuwa msichana wa darasa la tatu, nikaogopa kwamba mama amemfuata baba huko huko na ametuachia mwili wake.

Bibi, mama yake mama, alikuja kwa miguu kutoka Mugoma, amebeba kibuyu cha samli. Kila asubuhi alimlaza mama juu ya majani ya mgomba, akachovya kitambaa katika maji ya moto, akamkanda. Harufu ile bado ninayo: mvuke, samli iliyochacha kidogo, majani yaliyopata joto. Alianzia kwenye nyayo, akapanda polepole hadi kiunoni. Mwisho alilifunga tumbo kwa kanga. "Hofu huingilia miguuni," alisema, "basi na itokee huko huko." Mimi nilimshika mama mkono. Siku ya tatu vidole vyake vilinibana, kidogo sana, nikadhani nimeota.

Siku ya nne, bibi akiwa amefika magotini, katibu aliingia na mgambo wawili. Amri ilikuwa kila mgeni awe na barua ya kijiji chake, maana mpaka ulikuwa karibu. Katibu hakuwa mwenyeji, na Kihangaza cha bibi, lugha yetu inayokaribiana na Kirundi cha ng'ambo ya mpaka, kilimtia shaka.

"Shikamoo, bibi. Barua yako iko wapi?"

"Marahaba. Mikono imejaa samli, mwanangu, barua ningeishika na nini? Hata mama yako alikandwa, ndipo akaamka akakunyonyesha."

Mgambo mmoja alicheka. Katibu hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Wewe mwanafunzi. Bibi huyu ni wa kaya hii?"

Bibi alinitazama, nami nilijua jibu analolitaka. Lakini shuleni tulifundishwa kusimama wima na kumjibu kiongozi ukweli. Nikasimama wima.

"Hapana, ndugu katibu. Anakaa Mugoma."

Walimtoa mikono yake ikiwa bado inameta. Mlangoni aligeuka. "Umesema kweli," aliniambia. "Haya, sasa malizia. Magoti bado."

Maji yalikuwa yanapoa. Niliogopa kumwunguza mama, niliogopa kumuumiza, niliogopa zaidi kumwacha. Nikachovya kitambaa. Magoti, mapaja, kiuno. Tumbo sikuthubutu kulikanda. Nililifunga tu kwa kanga kama nilivyoona. Ndipo mama akatoa sauti, kwanza kama mtu anayekohoa, kisha kilio kirefu kilichowaleta majirani mbio. Alipotulia alisema, "Nipe mtoto."

Bibi hakurudi. Aliomba barua kule Mugoma, akafariki kabla haijatoka. Mama aliishi miaka mingi, na hakuwahi kuniuliza nani alimjibu katibu. Leo mabinti zetu wanarudi kutoka kituo cha afya na mtoto mgongoni, na nyumbani hakuna mikono inayowasubiri. Vibuyu vimekuwa mapambo ya ukutani.

Kwa maandishi haya naitaka serikali ya kijiji iufute mstari ule mbele ya mkutano mkuu, na iandike badala yake: "Mgeni alikuwa akimkanda binti yake aliyejifungua. Aliondolewa kabla ya kumaliza." Aliyekuwa katibu, kama yu hai, aitwe atie sahihi. Chini yake iachwe nafasi ya sahihi ya pili. Nitakuja kuitia mwenyewe.