Samaki Waliohamia Kivulini

Maji ya samaki yalinukia udongo uliolowa, harufu ngeni katika nyumba yetu ya mabati mjini Lodwar, ambako kila kitu kilinukia vumbi na makaa. Baba, aliyekuwa dereva wa lori, aliunganisha vioo vya madirisha kwa gundi akapata tangi, akaniwekea humo samaki wawili wadogo aina ya ngege kutoka ziwani Longech. Majani yaliyoelea juu, laini kama masikio ya mwana-mbuzi, tulipewa na Mama Deng, mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan aliyeuza chai kambini Kakuma. Aliyakuza katika nusu pipa kwa sababu yalimkumbusha mto wa kwao. Aliniagizia kupitia kwa baba nisiyaondoe kamwe, kwani bila kivuli hicho joto lingewachemsha samaki wakiwa hai.

Kiangazi hicho nyanya yangu, mfugaji aliyezoea nyika, alikuja kukaa nasi pamoja na mwana-mbuzi aliyefiwa na mama. Alijijengea kibanda cha makuti ya mkoma uani, maana mabati, alisema, yalimpika. Nilipaswa kumweleza habari za yale majani. Niliogopa atanicheka: samaki asiyeliwa ni wa kazi gani? Siku tatu nilipanga maneno na kuyapangua.

Siku ya nne nilitoka shule nikakuta tangi liko wazi, na jani la mwisho likining'inia mdomoni mwa mwana-mbuzi. Nyanya akanisifu kwa kuhifadhi malisho mabichi wakati nyika nzima imekauka. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na siku hiyo mjukuu nilikuwa mimi. Samaki walikuwa wamepanda juu, wakihema kwa shida. Nikalia, na katikati ya kilio nikamweleza yote.

Nyanya aliinama akawatazama.

"Mbona hukuniambia kwamba hawa nao ni mifugo?" akauliza kwa Kiturkana. Kabla sijafuta machozi akaongeza, "Hapa pamekauka. Tunahama."

Tukahama kama familia yoyote ya wafugaji. Nyanya aliinua beseni lenye samaki na maji, mama na jirani wakabeba tangi, likawekwa ndani ya kibanda chake. Nyanya akalifunika kwa shuka lake lililoloweshwa, akawa analinyunyizia maji mchana kutwa. Aliwapa samaki majina kwa rangi zao, kama mbuzi: Kijivu na Mwenye Doa. Mama alimtania kwamba sasa ana zizi la maji, naye akajibu kwamba angalau mifugo hii haipotei. Mwenye Doa alikufa siku ya pili. Kijivu akapona. Kwa siku tisa, hadi baba aliporudi kutoka Kakuma na majani mengine, nyanya aliwaachia samaki kibanda chake, akaishi ndani ya mabati yaliyompika, na sikumsikia akilalamika hata mara moja.

Leo nina shahada na barua za kuomba kazi ambazo huzisoma mara kumi, kisha nisizitume. Juzi niliona tangi la samaki katika ofisi moja hapa mjini, lenye taa, pampu na majani ya plastiki. Hakuna mbuzi ambaye angeyagusa. Nilisimama pale nikimshukuru nyanya kimoyomoyo. Hata yeye, nadhani, aliogopa alipowaona wale samaki wakihema. Ila hofu ilimkuta ameshainua beseni.