Pesa Isiyokufa

Baba alipouza maksai wetu, mama hakula siku nzima. Ndio waliokuwa wakivuta plau kwenye shamba letu la mahindi, na yeye ndiye aliyewafundisha kufuata mstari. Lakini bwana mmoja wa benki alikuwa amekuja kijijini kwetu kutoka Sumbawanga, akasimama mkutanoni akatueleza habari ya riba: unaweka pesa, unakwenda zako, ukirudi unaikuta imezaa. Baba aliyashika maneno yale kama katekisimu.

"Ng'ombe anakufa," alimwambia mama. "Pesa ya benki haifi."

"Basi ungenunua bati mojamoja, baba watoto. Bati nalo halifi."

Jirani yetu mjane alikuwa akifanya hivyo hivyo. Kila akiuza ulezi, alinunua bati akaliweka chini ya godoro. Baba alimcheka mpaka machozi yakamtoka. Watu wote wanalala chini ya paa, alisema, mwenzetu analala juu yake! Nasi watoto tulicheka, maana baba alikuwa hodari wa kuchekesha.

Alitaka nyumba ya bati, vyumba vinne na sebule. Pesa ilipokwisha kaa benki miaka kadhaa, kiangazi kizima tulifyatua matofali, tukapandisha kuta bila kuyachoma. Tofali bichi linavumilia jua tu. Mvua ikilikuta halina paa, linarudi kuwa udongo. Baba hakuwa na wasiwasi. Pesa inakua benki, mabati yapo dukani, haraka ya nini? Ilikuwa miaka ile ya foleni za sabuni, kila kitu kikipanda bei, na hakuna aliyetuambia kwamba bei nayo inazaa, tena inazaa upesi kuliko riba.

Mawingu yalipoanza kujikusanya upande wa ziwa, baba, mama na mimi tulikwenda mjini. Baba akatoa pesa yote benki, na riba yake juu. Alitabasamu njia nzima mpaka dukani. Mwenye duka, mzee wa kanzu na kofia, alimkaribisha vizuri, akamtajia bei. Baba akacheka.

"Bei ya bando zima hiyo?"

"La, ndugu yangu. Ya bati moja."

Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Alitoka bila kuaga, akarudi benki karibu anakimbia, sisi nyuma yake.

"Nani amechukua pesa yangu?" aliuliza kwa sauti iliyogeuza foleni nzima.

Dada wa dirishani alishtuka. "Shikamoo mzee. Hakuna aliyeigusa. Tumekupa zaidi ya uliyoweka."

"Zaidi?"

"Zaidi, mzee."

"Mbona hainunui kitu?"

Yule dada akainama. Mwizi ningemwelewa, mwizi ana miguu, unapiga yowe, watu wanamkimbiza. Sisi hatukuibiwa hata senti. Tulifilisika huku tunaongezewa.

Tulirudi na mabati ya kutosha chumba kimoja. Maksai hawakurudi, kwa pesa ile hata ndama tusingempata. Nyasi za kuezekea nazo zilikwisha teketea kwa moto wa kiangazi. Mjane alikuja bila kuitwa, akatushikia ngazi baba alipokuwa anapigilia misumari. Heri angetucheka.

Mvua ikaja. Tulisimama mlangoni mwa kile chumba kimoja, wote tumebanana, tukitazama kuta nyingine zikilowa, zikiinama, zikianguka. Mama alilia kwa sauti kama msibani. Baba alikuwa anatazama tu, mdomo wazi.

Mwaka uliofuata mama alipanda maboga pale palipokusudiwa kuwa sebule. Alilima kwa jembe la mkono, kwa kuwa plau haikuwa na wa kuivuta. Yalizaa ajabu, tukala mpaka tukawagawia majirani. Baba hakuyaonja.