Bamba la Chuma Kwenye Mtambo wa Klorini

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye mradi wa maji karibu na Kathonzweni, fundi mkuu hakunisalimia kwa mkono. Mikono yake ilikuwa ndani ya mtambo wa kutengeneza klorini. Alitoa kipande kimoja cha metali chenye rangi ya kijivu, akanionyesha.

"Hii ndiyo anodi," akasema. "Upande wa chanya wa umeme. Hii ikiharibika, usiweke chuma chochote mahali pake. Afadhali ufunge mtambo."

Nilikuwa nimetoka chuoni na nilidhani najua. Alinifundisha kwa vitendo. Tulitia maji ya chumvi kwenye vyombo vitatu, tukapitisha umeme wa sola. Chombo chenye anodi ya titani iliyopakwa kinga kilitoa klorini, nayo ikachanganyika na maji yale yale ikawa dawa ya kuua vijidudu. Chenye grafiti kilitoa klorini pia, lakini grafiti ililika na kuacha unga mweusi. Cha tatu kilikuwa na bamba la chuma cha pua. Mapovu yalitoka kwa wingi, maji yakaanza kugeuka manjano.

"Hayo mapovu mengi ni ya upande wa pili, wa hasi. Ni haidrojeni," akasema. "Huku kwenye chanya, umeme unakula chuma chenyewe. Rangi unayoiona ni chuma kilichoyeyuka. Klorini hapo ni ya kutafuta."

Akatia kidonge cha kupimia. Kwenye chombo cha kwanza maji yakawa ya rangi ya waridi iliyokolea, dalili kwamba klorini ipo. Kwenye cha tatu hayakubadilika.

Nilikaa Kathonzweni miaka mingi, nikahamishiwa Matiliku, halafu nikapandishwa cheo kuwa msimamizi wa mitambo kadhaa midogo upande wa Kitui. Huko ndiko nilikomkuta Kyalo, mwendeshaji wa mtambo mmoja wa kijijini. Alikuwa mtu makini, asiyekosa kanisa wala zamu.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha ghafla, vyoo vikafurika, na anodi ya Kyalo ikaisha. Niliagiza nyingine, haikuja. Mhandisi, aliyekuwa mkubwa wangu, akanipigia simu.

"Mama Ndinda, watu wanahitaji dawa. Kuna fundi hapo sokoni, akate chuma cha pua, kiwekwe kwa muda."

"Injinia, chuma hakitoi klorini ya kutosha."

"Kitatoa hata kidogo. Umeme ni umeme."

Nilikata simu, nikampigia Kyalo, nikamwambia aweke. Huo ndio ukweli, na nimeusema mbele ya watu.

Siku mbili baadaye Kyalo alinipigia. "Mama, inafanya kazi. Mapovu yanatoka, na dawa imekuwa manjano. Naona ni kali."

"Umepima?"

"Vidonge viliisha."

Mimi nilikuwa na pakiti nzima kwenye droo. Kutoka ofisini hadi kwake ni mwendo wa saa mbili kwa pikipiki. Nilikuwa na ripoti ya wafadhili mezani. Nikamwambia, "Sawa, nitakuja wiki ijayo."

Wiki haikuisha. Kipindupindu kilianza kwenye nyumba zinazochota maji kwenye tangi la mtambo wa Kyalo. Watu walikuwa wamekunywa bila kuchemsha kwa sababu tuliwaambia maji yana dawa. Nilipofika, nilitumbukiza kidonge kwenye maji ya tangi. Hayakubadilika rangi hata kidogo. Kyalo alikuwa amesimama kando yangu, akayatazama, akaniuliza polepole, "Kwa hivyo ilikuwa nini?"

"Chuma," nikasema. "Ni chuma tu."

Alikaa chini kwenye matope. Mkewe, Mutheu, alikuwa amezikwa siku iliyotangulia.

Kamati ya uchunguzi iliandika kwamba mwendeshaji aliweka kifaa kisichofaa. Nilisimama nikasema nilimwagiza mimi, na kwamba nilijua. Mhandisi alitazama karatasi zake. Mimi nilipewa barua ya onyo. Kyalo alifutwa kazi. Niliandika rufaa mara mbili kwa niaba yake, zote zikakataliwa, nami nikaendelea na kazi hadi kustaafu.

Sasa nalima kidogo hapa Kikima. Vijana wa mitambo wakija kuniuliza, nawaonyesha vyombo vitatu kama nilivyoonyeshwa, na nawasimulia habari ya Kyalo bila kuficha jina langu. Wengine huona aibu kwa niaba yangu. Waache waone.

Mwaka jana nilikutana naye sokoni Matiliku, amekuja kuuza pojo. Amezeeka. Alinisalimia kwa heshima, akaniuliza habari za mwanangu Ndinda. Halafu akasema, "Mama, kuna kitu nimetaka kukuuliza. Ungekuja siku ile niliyopiga simu, ungejua?"

"Kwa dakika moja," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa. "Nilidhani hivyo," akasema, akageuka kumpimia mteja pojo.