Kura ya Bibi

Mwaka jana watu watatu waligombea ubunge kwetu, na mmoja wao alikuwa baba mdogo, kitindamimba wa Bibi. Mimi nimelelewa na Bibi hapa Kabungu tangu baba alipofariki. Ada ya sekondari alikuwa analipa baba mdogo, kidato cha kwanza na cha pili, na alikuwa ameahidi cha tatu. Kwa hiyo kijiji kizima kilituhesabu mimi na Bibi kuwa watu wake.

Bibi haoni. Mtoto wa jicho alimfunga macho yote mawili kabla sijaanza darasa la kwanza. Wagombea aliwapima kwa mikono. Walikuja mmoja mmoja kumwamkia, maana mgombea akipita bila kumwamkia mama wa mpinzani wake watu wangesema ameogopa. Bibi alikishika kiganja cha mgeni, akakigeuzageuza kama anachagua viazi, huku anaitikia salamu taratibu. Mgeni akiondoka, ananiita.

"Mke mwenzangu, huyo amevaaje?"

Ndivyo anavyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. Mimi ni mtu wa aibu, wageni wakija najificha jikoni. Lakini ukuta wa jikoni una tundu, na kwenye tundu naona vizuri kuliko waliokaa kwenye viti.

Wa kwanza kuja alikuwa mtu wa mjini. Gari lake hakulizima, lilinguruma pale uwanjani mpaka alipomaliza salamu. Alileta sukari na kitenge. Nikamweleza Bibi kwamba alivaa suti, na kwamba alifuta kiti kwa leso kabla ya kukaa.

"Kiganja laini kama cha mtoto mchanga," Bibi akasema. "Huyo hata kuiba anatuma watu."

Wa pili alikuwa bwana misitu mstaafu. Zamani ndiye aliyekuwa akiwafukuza warina asali kule msitu wa Ugalla na kuchoma mizinga yao. Alipoinama kumwamkia, Bibi alimpa kifundo cha mkono, kama mtu mwenye unga viganjani. Hakuwa na unga. Yule mzee alikishika kile kifundo, akacheka peke yake, akaaga hata maji hajanywa.

Wa tatu alikuwa baba mdogo mwenyewe. Alitoka Makanyagio, mjini, anakoishi na kufanya biashara, akiwa na vijana wenye kipaza sauti na mbuzi wawili wa kuchinja. Watu walikula mpaka wakalamba sufuria. Walimwita mheshimiwa. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naosha vyombo, nikamsikia mwanamume mmoja akimwambia mwenzake, "Nyama yake tamu kuliko maneno yake. Kula tu, kura ni siri." Mwenzake akasema, "Huyu amekuja lini tangu azike kaka yake?"

Baba mdogo hakuyasikia hayo. Alisimama juu ya kinu kilichopinduliwa, akasema, "Hata nyie wote mkininyima, kura ya mama yangu ninayo. Hapa sitoki na sifuri." Watu wakapiga makofi. Bibi alikuwa amekaa pembeni, anatabasamu.

Jioni Bibi akaniuliza mbuzi wale wametoka wapi. Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema sijui. Lakini vijana wa kipaza sauti walikuwa wamenieleza, na Bibi simfichi kitu, nikamwambia kwamba baba mdogo ameuza mizinga ya marehemu Babu, yote, pamoja na miti ilikotundikwa. Babu aliitundika ujanani mwake. Bibi alikuwa anajua kila mti ulipo, ingawa hajauona miaka mingi.

Nyama yake ilikuwa bado kwenye bakuli. Akaniambia nimpe mbwa.

Siku ya kupiga kura nilimshika mkono mpaka shuleni, kwenye kituo. Asiyeona anaruhusiwa kwenda na mtu anayemwamini. Msimamizi akaniangalia juu ya miwani. "Binti, unaweka vema pale bibi anapotaka, siyo unapotaka wewe. Na ukitoka humu, mdomo umefungwa. Umeelewa?" Niliitikia kwa kichwa.

Nyuma ya turubai nilimsomea Bibi picha kutoka juu kwenda chini.

"Weka kwa wa sukari," akanong'ona.

"Bibi, baba mdogo ni huyu wa mwisho, wa chini."

"Sijakuuliza yuko wapi."

"Atajua."

"Atajuaje? Weka."

Nasema ukweli hapa, kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Ningeweza kuweka vema kwa baba mdogo na Bibi asingejua mpaka anaingia kaburini. Niliifikiria shule. Nilifikiria kitanda changu cha bwenini, kile cha juu karibu na dirisha. Kalamu ilikuwa tayari kwenye mraba wa baba mdogo. Halafu Bibi akanishika kidole kinachoshika kalamu, akakibana, akasubiri. Nikapandisha mkono, nikaweka vema kwa mtu wa mjini.

Kura zilihesabiwa palepale darasani. Watu walijaa madirishani, na mimi nikiwa nyuma yao. Wakala wa baba mdogo alikuwa kijana wa mjini, alikuwa amejiandikisha kupiga kura huko, kama baba mdogo mwenyewe. Msimamizi alisoma za mtu wa mjini, akasoma za bwana misitu, ambazo zilikuwa chache lakini zilikuwepo. Akafika kwa baba mdogo, akageuza karatasi, akasema, "Hakuna."

Mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Hata mama yake?"

Sijawahi kusikia watu wanacheka vile. Waliocheka sana ni wale waliolamba sufuria. Kesho yake tuliamka tukakuta ukuta wetu umechorwa kwa mkaa sifuri kubwa kuliko mlango. Niliifuta kwa maji, ikabaki kivuli.

Siku ya tatu baba mdogo akaja kwa baiskeli. Jimbo zima alikuwa ameshindwa, lakini hakuja kwa habari ya jimbo. Hakukaa. Alisimama mbele ya mkeka wa Bibi.

"Mama, mimi nakuuliza mara moja tu. Ulinipigia?"

Bibi aligeuza uso mpaka akanipata pale mlangoni.

"Mimi nilikutaja wewe, mwanangu. Lakini mimi sina macho. Mwenye macho ni huyo."

Baba mdogo aliniangalia. Ningesema nini? Kwetu mjukuu hamwiti bibi yake mwongo, tena mbele ya mwanawe.

"Walikupa shilingi ngapi?"

"Sikupewa kitu, baba."

"Kumbe umeniuza bure."

Akaingia ndani, akatoka na tranka langu la shule, lile alilonunua yeye. Alilifungua, akalimwaga uwanjani, sketi, madaftari, chupi, kila kitu, mbele ya watoto wa jirani. Akalifunga nyuma ya baiskeli likiwa tupu, akaondoka.

Nikaokota vitu vyangu. Bibi alikuwa anasikiliza ninavyookota.

"Kwa nini, Bibi?"

"Wewe una miguu," akasema. "Mimi nikifa nani atanizika? Wewe?" Alisema bila hasira, kama anayenieleza namna ya kupanda karanga.

Shule zilipofunguliwa wenzangu walipita kwenye lori wakanipungia mikono. Nilikuwa shambani. Sasa baba mdogo anakuja kila mwisho wa mwezi na dagaa na sabuni. Mimi ananipita kama nguzo, na nikimwamkia haitikii. Juzi nilikuwa napalilia karanga karibu na ukuta, nikamsikia anamwambia Bibi kwamba miaka mitano siyo mingi, atagombea tena, na safari hiyo atampeleka kituoni yeye mwenyewe.

"Itakuwa vizuri, mwanangu," Bibi akasema. "Huyu alikuwa ananivuta ovyo, mpaka mkono ulivimba."